Mwenye Shimo

Ushawahi kusikia harufu ya makumbi siku yanapofukuliwa? Kama hujawahi, usiwacheke waliowahi. Makumbi, yale maganda ya nazi, yanafukiwa mchangani, pale maji yanapojaa na kukupwa, yakakaa miezi sita yakilainika, mpaka yawe tayari kupigwa na kutolewa usumba wa kusokotea kamba. Yanapotoka, yanatoka na pumzi yao. Na harufu hiyo haikomei puani. Inaingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya viganja, kwenye kanga, na hata ukijifukiza udi tangu alasiri kwa ajili ya arusi, shoga yako akikukumbatia tu ataijua.

Maisara aliijua harufu hiyo kabla ya kulijua jina lake. Alizaliwa Kichangani, kijiji kidogo mbele ya Kizimkazi, na mama yake, Bi Sichana, alimbeba mgongoni pwani akiwa hajatimiza siku arubaini. Sasa ana miaka thelathini na tisa, ni mke wa Mbarouk, fundi muashi anayejenga mahoteli Kiwengwa na kurudi nyumbani kila Alkhamisi. Yeye mwenyewe alikuwa mfuaji wa mashuka katika hoteli ya Mkadini. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa ile fulana yao ya kijani, alikata ndimu mbili akasugua mikono mpaka viwiko, na michubuko ikamuwasha mpaka adhuhuri.

Hoteli yenyewe hata si kubwa. Bangaloo nane tu, mwisho wa njia ya mawe, ambako gari ikifika inakuwa imeshachoka. Nyuma yake msitu wa maweni, na kima punju wanaoshuka asubuhi kuiba makaa jikoni, wakayatafuna kama watoto wanavyotafuna kashata. Upande wa kusini mikoko. Mbele, safu ya mikadi iliyosimama kwa mizizi yake kama watu waliopandisha nguo kuvuka maji, halafu mchanga, halafu bahari. Mapaa ya bangaloo yameezekwa makuti, na makuti yamefungwa kwa kamba za usumba, na wageni walikuwa wakizishika kamba zile, wakazinusa, wakazipiga picha. Walisema zinapendeza. Hakuna aliyewaambia zimetoka mchangani pale pale walipotandika mataulo yao.

Kwa maana pale mbele ya hoteli, chini ya mikadi, palikuwa na mashimo matatu ya Bi Sichana. Ya wanawake wengine yako mbali, karibu na mikoko, lakini hayo matatu yako hapo tangu enzi ya mama yake Bi Sichana, kila moja na gamba jeupe la kombe juu ya mawe. Pwani ya Kichangani ina adabu yake. Shimo halifukuliwi na asiye mwenyewe. Ikiwa pana haja, basi linaitwa: mtu anasimama juu yake, anapaza sauti, "Mwenye shimo!" mara tatu. Mwenyewe akiwepo huitika, "Naam." Asipokuwepo, huitika mwanawe. Na mwanawe akiwepo akanyamaza, kimya chake ni cha nyumba nzima; shimo hilo halina mwenyewe tena, na mwenye mikono achukue.

*

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, Jumatatu. Bi Sichana hayupo. Amekwenda mjini kutolewa mtoto wa jicho, na amefikia kwa bintiye mdogo, Faiza, kwenye maflati ya Michenzani. Asubuhi hiyo Bwana Tahir, meneja wa Mkadini, aliwakusanya wafanyakazi wote mbele ya jiko. Bwana Tahir ni mtu wa Shangani, shati limepigwa pasi mpaka mikono, mpole wa kusema. Hasemi "njoo," husema "kama hutojali."

"Jamani," alisema, "wale bwana na bibi wa fungate wamehama. Walilipia siku saba, wamekaa mbili. Wameandika kwenye mtandao kwamba pahala ni pazuri lakini panavunda. Mimi mwenyewe nnaisikia. Nambieni, hii harufu inatoka wapi?"

Watu wakatazamana. Maisara alihisi macho yote yanateremka kwenye mikono yake. Hayakuwa yakiteremka popote. Mmoja alikuwa akitazama saa, mwengine anajikuna shingo. Lakini mwenye kidonda ndiye anayemuona nzi. Akaificha mikono nyuma, chini ya ncha za mtandio, na kabla hajaulizwa akajibu:

"Huenda ikawa makumbi."

"Makumbi?"

"Maganda ya nazi, bwana. Yamefukiwa pale mbele. Yakioza hunuka."

"Alaa! Na nani anayafukia?"

"Wanawake wa kijijini," alisema Maisara, kana kwamba yeye ameteremka na boti ya asubuhi.

Mzee Ismail, mtunza bustani, alikuwa ameegemea reki yake. Huyo amechangia kanzu moja na marehemu baba yake Maisara tangu utotoni. Alimtazama Maisara, akakohoa, akasubiri. Maisara akatazama chini. Basi Mzee Ismail akamgeukia meneja.

"Hayafukuliwi hivi hivi, bwana. Yanaitwa kwanza."

"Yanaitwa vipi?"

Akaelezwa. Bwana Tahir akatabasamu, si kwa dharau, kwa furaha ya mtu aliyeambiwa jambo la kuwahadithia wageni. "Vizuri sana. Basi twendeni tukayaite. Mimi sitaki kudhulumu mtu."

*

Maji yalikuwa yamekupwa. Wafanyakazi walishuka na majembe, na Maisara naye akashuka, kwa kuwa kamba za kuanikia mashuka ziko huko huko pembeni na alikuwa na kapu mkononi. Wageni watano sita walikuwa wamelala kwenye viti vyao vya jua. Mmoja akanyanyua simu apige picha.

Mzee Ismail alisimama baina ya mashimo mawili ya mwanzo, akazungusha viganja mdomoni.

"Mwenye shimooo!"

Maisara alichukua shuka kwenye kapu, akalikung'uta. Moyo ulimwambia itika. Neno lenyewe dogo, halijazi hata mdomo. Lakini aliwaza: nikisema naam, huyu ataniambia, kumbe harufu ni yako, Bi Maisara? Kumbe ndiyo unayotufulia nayo mashuka?

"Mwenye shimooo!"

Safari hii Mzee Ismail alikuwa amegeuka kabisa. Hakuwa akiita bahari wala kijiji. Alikuwa akimtazama yeye, uso kwa uso, na mishipa ya shingo imemtoka. Maisara akatafuta kibanio cha nguo, akakiona, akakitafuta tena.

Mara ya tatu mzee hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Mwenye shimo."

Yangeyange mmoja akaruka kutoka kwenye mikoko.

"Basi hayana mwenyewe," alisema Bwana Tahir. "Haya, Bismillahi, fukueni."

Wakaondoa magamba ya kombe, wakaondoa mawe aliyoyapanga Maisara mwenyewe Mfunguo Tano, miezi sita nyuma, magoti ndani ya maji, mama yake akimwambia, "Hilo la bapa liweke juu, mwanangu, lisije likayumba." Jembe lilipoingia, harufu ikatoka kama mtu aliyefungiwa. Wageni wakainuka vitini mbio. Wafanyakazi wakaziba pua. Na Maisara, ambaye hajapata kuziba pua kwa makumbi tangu azaliwe, akaona wenzake wameziba, akavuta ncha ya mtandio, na yeye akaziba.

Makumbi yalitoka meusi, mazuri, yameiva. Wakayapakia kwenye gari la mkono, wakayamwaga msituni juu ya maweni, ambako jua lingeyakausha mpaka yawe kuni tu. Walipotaka kuliendea shimo la tatu, la chini zaidi, maji yalikuwa yameshaanza kujaa, yakalifunika. "Tutaliita siku nyengine," alisema Bwana Tahir, akaenda kunawa.

*

Jumatano Maisara alikwenda mjini kumchukua mama yake. Flati ya Faiza iko ghorofa ya nne, na Bi Sichana alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, jicho moja limefungwa pamba, anasokota uzi wa kanga iliyochanika, kwa kuwa vidole vyake havijui kukaa bure.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu juu mbinguni. Hapa mtu akitaka kutema mate lazima ateremke ghorofa nne. Jana nlimwambia Faiza, nipe japo kopo la mchanga nikanyage, kaniletea zulia!"

"Mama na wewe," alisema Faiza akicheka, huku akitia chai. "Dada, mchukue. Kila saa anahesabu siku za makumbi yake. Daktari anamtia dawa jichoni, yeye anauliza mwezi umeandama lini."

"Si kwa ajili yangu," alisema Bi Sichana. "Ni kwa ajili ya Ulfat, binti wa dada yako. Arusi ni baada ya Idd. Nataka makumbi yatoke kabla ya Ramadhani, nisokote mchana wa saumu, kitanda chake cha kamba kimalizike. Bibi yangu alinisukia mimi, mama yangu kakusukia wewe, Maisara, na mimi nkimsukia mjukuu wangu, nshamaliza kazi. Hata kama atakitia uani aanikie mchele."

"Atalala kwenye godoro la sponji, mama."

"Alale. Lakini kitanda kitakuwepo." Bi Sichana akaushika mkono wa Maisara, akaupeleka puani, kama alivyofanya tangu Maisara mdogo kujua kama amenawa. Akaunusa mara mbili. "Ndimu. Kila nkija kukushika unanuka ndimu. Mashuka yao yana shombo gani?"

"Sabuni yao kali tu, mama."

"Hmm," alisema Bi Sichana, na kwa lile jicho moja akamtazama muda mrefu.

Maisara alikusudia kumwambia pale pale. Akakusudia kumwambia ngazini, ghorofa ya tatu, walipopumzika. Akakusudia garini, walipopita Jozani. Walipofika Kichangani alikuwa bado anakusudia.

*

Bi Sichana hakuingia ndani. Aliweka kifurushi chake barazani, akavua viatu, akashuka pwani na fimbo yake, na Maisara nyuma yake anasema, "Mama, jicho, daktari kasema usiende kwenye upepo." Lakini mtu hasemeshwi akienda kwenye chake.

Mashimo mawili yalikuwa wazi. Maji yameyajaza nusu, na vijisamaki vitatu vimenaswa ndani vinazunguka. Bi Sichana aliinama, akatia fimbo, akapima kina. Akaokota gamba la kombe lililotupwa, akalifuta mchanga kwa kanga yake.

"Waliita?" aliuliza.

"Waliita."

"Nani aliyeita?"

"Mzee Ismail."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Bi Sichana akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha mambo yamekwenda kwa utaratibu wake. Kisha akauliza, bila ya kugeuka:

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Maisara angeweza kusema alikuwa ndani anapiga pasi. Lilimjia mdomoni likiwa tayari. Lakini mama yake alikuwa ameshika lile gamba kifuani.

"Nlikuwepo," alisema.

Alitaraji kupigwa fimbo. Alitamani apigwe. Bi Sichana alipokasirika husema Kikae kitupu, lahaja ya huko kwao, maneno ambayo watu wa mjini hawayaelewi na watu wa Kichangani hawayasahau. Lakini hakusema Kikae wala Kiswahili. Alipiga magoti kidogo kidogo, akavikusanya vile vijisamaki kwa kiganja, kimoja kimoja, akavirudisha baharini. Kisha akaanza kuokota mawe na kuyapanga pembeni, makubwa peke yake, madogo peke yake.

"Mama, niachie nikuokotee."

"Rudi kazini, mwanangu. Fulana yako itaingia harufu."

*

Mwezi ulipofika kumi na nne, bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, likapanda, na harufu ikarudi. Tena ilizidi ile ya mwanzo. Hii ilikuwa nzito, ya kukaa nyuma ya ulimi.

Maisara hakuhitaji kuambiwa. Harufu ya makumbi anaijua kama sauti ya mama yake, na hii haikuwa hiyo, wala ile ya siku ya wageni wa fungate haikuwa hiyo. Nyuma ya chumba cha kufulia kulikuwa na karo la hoteli, lililochimbwa kwenye mwamba na kufunikwa kwa zege. Vyoo vyote vinakwenda humo, na maji yake yeye ya mashuka, na sabuni yake. Mwamba wa pwani ni kama kichungi cha tui. Bamvua likija, bahari inaingia karoni kwa chini, na kilichomo kinatafuta njia yake, kinatokea kwenye mizizi ya mikadi. Alishaona. Tangu vuli alishaona maji ya kijivu yakichirizika mchangani, na ukoga wa kijani umeota juu ya mawe, na kaa wamelala chali. Mikadi miwili ya mwisho imeanza kuwa manjano. Chaza wa mwamba ule hakuna tena anayemla, na wanawake wanasema tu, "Mwaka huu chaza wana tumbo baya."

Alikuwa anajua. Na siku ile mbele ya jiko, alipoulizwa harufu inatoka wapi, alikuwa anajua. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko yote: hakukosea. Aliogopa tu asinuswe yeye, akatoa cha mama yake.

Asubuhi akaenda ofisini kwa Bwana Tahir. Alishasema "Hodi" na "Shikamoo," japo wamekaribiana umri, na mdomo ulikuwa wazi.

"Afadhali umekuja, Bi Maisara," alisema Bwana Tahir. "Nlikuwa nataka kukwambia. Tajiri amekubali. Kuanzia Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, wewe ndiye msimamizi wa wafuaji na wasafishaji wote. Nimemwambia wewe ni tofauti. Msafi. Huna ile..." akapangusa hewa kwa vidole, "unajua. Ile harufu ya huku kwao."

"Ahsante, bwana," alisema Maisara.

Akalisikia neno hilo likitoka. Ahsante!

"Na lile shimo lililobaki, ndilo linalotuvundia. Nimeshamuandikia sheha. Jumamosi tutaliita, tulifukue, kisha tupige nguzo pwani yote ya mbele, mpaka kwenye mikoko, kusifukiwe kitu tena. Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nlikuja kuuliza sabuni," alisema Maisara.

*

Jumamosi maji yalikupwa sana, mpaka majani ya bahari yakalala wazi kama nywele zilizochanwa. Sheha wa Kichangani, Bwana Mcha, alikuja na faili lake kwapani na suruali amekunja mpaka magotini. Bwana Tahir alikuja na karatasi yenye mchoro wa nguzo. Wafanyakazi walikuja na majembe. Wanawake wa kijiji, kama ishirini, walisimama upande wa mikoko wamejifunga kanga viunoni, kwa kuwa walishasikia habari ya nguzo, na kila mmoja alikuwa anahesabu moyoni shimo lake liko hatua ngapi.

Bi Sichana alikaa juu ya jiwe peke yake. Pamba imeshatolewa jichoni. Maisara alikuwa upande wa hoteli, ndani ya fulana ya kijani.

"Assalamu alaykum," alisema sheha. "Shauri letu fupi. Hoteli inalalamika harufu. Hili shimo likiwa lina mwenyewe, tutakaa tuzungumze, na nguzo zitasubiri. Likiwa halina, mimi nitatia saini, kwa kuwa mawili ya mwanzo yaliitwa na hayakuitikiwa. Sitoweza kusema pwani hii ina wenyewe kama wenyewe hawajitaji. Mzee Ismail, ita."

"Mwenye shimooo!"

Wanawake wote wakamtazama Bi Sichana. Bi Sichana alikuwa akitazama bahari.

"We Bi Sichana!" mmoja akapiga kelele. "Itika! Au jicho walilokutoa lilikuwa sikio?"

Kicheko kidogo kikapita, kikafa. Sheha akasogea karibu na jiwe lake, akachutama.

"Shikamoo, bibi. Mimi nimekulia pwani hii. Nnajua hili lako. Mbona huitiki?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapa waliita juzi, mwanangu alikuwepo, hakuitika. Mimi nikiitika leo, watu wote hawa watauliza, juzi alinyamaza nani? Watamfanya mwanangu hadithi mpaka kwenye arusi ya binti yake." Alisema kwa sauti ndogo, lakini upepo ulikuwa unatoka baharini, na kila neno lilimfikia Maisara. "Makumbi yanaota kila mwaka, Mcha. Mtoto haoti tena. Kama nyumba yangu imesema halina mwenyewe, basi halina. Endeleeni."

Sheha akainuka, akapangusa mchanga ambao haukuwepo, akampungia mkono Mzee Ismail.

"Mwenye shimooo!"

Maisara alijitazama mikono. Ndimu ya asubuhi ilikuwa bado inamuwasha. Aliinusa. Chini ya ndimu, chini ya sabuni ya hoteli, mbali kabisa, mle kwenye mikunjo, ilikuwemo, haijaenda popote. Miaka yote hiyo anaisugua, nayo imekaa tu inamsubiri, kama mama anavyomsubiri mtoto aliyechelewa, hajalala, wala hasemi.

"Bi Maisara," Bwana Tahir alinong'ona, "kama hutojali, waambie watayarishe lile gari la mkono."

Mzee Ismail hakuwa akimtazama tena. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya shimo, amechoka, na mara ya tatu aliita kama mtu anayeisoma hitima.

"Mwenye shimo."

"Naam!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Kima punju wakatimka juu ya miti. Watu wakageuka. Maisara alikuwa ameshavua viatu, anavuka mchanga kuelekea kwenye lile gamba la kombe, na alipolifikia akasimama juu yake, hakuziba uso.

"Naam," alisema tena, safari hii kwa Mzee Ismail peke yake. Kisha akamgeukia sheha. "Lina mwenyewe. Mwenyewe ni Bi Sichana, mama yangu, na mie ndiye nliyelipanga mawe. Na yale mawili nayo yalikuwa na mwenyewe, na mwanawe alikuwa amesimama pale kwenye kamba ya nguo, ameitwa mara tatu, kanyamaza kwa kuona haya. Niandike, sheha. Andika jina langu. Na wewe Bwana Tahir, harufu unayoitafuta iko karoni, nyuma ya chumba changu cha kufulia. Nimeiona tangu vuli. Nlikuwa nnajua siku ile ulipouliza, nkakwambia makumbi."